iPod ya zamani au kicheza muziki kipya: ununue kipi?

Wanaotafuta kifaa cha muziki mtupu wameongezeka. Ni watu waliochoka kusikiliza kwenye simu: wimbo uko katikati, ujumbe unaingia, bosi anapiga, bando linakata, chaji inaisha kabla hujafika nyumbani. Wakianza kuulizia wanakutana na njia mbili. Moja ni kununua iPod ya Apple iliyotumika, ile ya gurudumu, kisha kuikarabati. Nyingine ni kununua kifaa cha sasa, kuanzia Sony na FiiO mpaka vile vidogo vya kubana kwenye shati vinavyouzwa barabarani pamoja na chaja na kava za simu.

Nimekaa na vya aina zote mbili na bado navitumia, kwa hiyo naweka msimamo wangu mapema. Ubishi mwingi wa watu unahusu sauti, na sauti ndiyo yenye uzito mdogo kuliko mengine yote. Yanayoamua ni mawili: nyimbo zako zinaingiaje kwenye kifaa, na betri ikichoka utafanya nini.

Tunalinganisha vipi na vipi

Kicheza MP3 cha kwanza kuingia sokoni, MPMan ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, kilitoka mwaka 1998 kikiwa na nafasi ya MB 32. Mwaka huohuo kampuni ya Diamond ya Marekani ikatoa Rio PMP300, nayo ya MB 32, kwa dola 200. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika moja, kwa hiyo kifaa kizima kilibeba kama nusu saa ya muziki. Kwa mpenzi wa taarab hizo ni nyimbo mbili, tatu ukibahatika. Hata hivyo wenye makampuni ya kurekodi waliingiwa na hofu: chama chao cha Marekani, RIAA, kiliishtaki Diamond, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaipa Diamond haki. Bila uamuzi ule, huenda tusingekuwa na cha kulinganisha leo.

iPod ya kwanza ilizinduliwa tarehe 23 Oktoba 2001. Ilikuwa na diski ya Toshiba ya inchi 1.8, GB 5, kwa dola 399. Lakini usiinunue hiyo ili uitumie, wala zile za matoleo mawili yaliyofuata. Matoleo mawili ya mwanzo yanapokea nyimbo kwa waya wa FireWire tu, na la tatu, ingawa linapokea nyimbo kwa USB, linachajiwa kwa FireWire. Kupata kompyuta yenye tundu hilo leo ni shughuli. Waachie wanaokusanya vitu vya kale.

iPod za zamani zinazofaa kuingia kwenye ushindani ni mbili. Ya kwanza ni ile inayoitwa iPod video, ya mwaka 2005, pamoja na toleo lake lililoboreshwa la 2006 lililokuja na kioo chenye mwanga zaidi, sehemu ya kutafuta wimbo kwa jina, na uwezo wa kuunganisha nyimbo bila kuacha pengo kati yake. Ya pili ni iPod Classic, iliyouzwa kuanzia 2007 mpaka Septemba 2014. Pembeni yake namweka SanDisk Sansa Clip+ ya 2009, kadude kadogo kuliko kiberiti kanakopokea memori kadi na kenye redio ya FM.

Upande wa vipya nimechukua Sony NW-A306 ya 2023, inayotumia Android na kuuzwa Ulaya kwa karibu euro 400. FiiO JM21 ya 2025, nayo ya Android, kwa karibu dola 200. FiiO Snowsky Echo Mini ya 2025, yenye umbo la kaseti na isiyo na Wi-Fi, kwa karibu dola 60. Na vile vya shatini visivyo na jina.

Nyimbo zinaingiaje

Hapa ndipo watu wanapojuta, kwa sababu muuzaji halisemi na wewe huliulizi.

iPod haipokei nyimbo kama flashi inavyopokea. Ukiichomeka kwenye kompyuta na kuburuta folda la MP3 ndani yake, faili zitakaa pale kama mizigo stoo, iPod haitaziona. Lazima zipitie iTunes, au kwenye Mac za sasa programu ya Muziki pamoja na Finder, kwa sababu tangu 2019 iTunes imeondolewa kwenye Mac. Programu hiyo inaandika orodha ya nyimbo kwenye daftari la ndani la iPod, na faili zenyewe inazificha kwenye folda zinazoitwa F00, F01, F02 na kuendelea, kila faili ikibatizwa jina la herufi nne zisizo na maana. Siku kompyuta yako ikifa na ukataka kurudisha nyimbo kutoka kwenye iPod, utazikuta hivyo: mamia ya faili zenye majina kama ABQX.

Kwa mtu ambaye muziki wake wote umenunuliwa na kupangwa vizuri, hilo halisumbui. Tatizo liko kwetu sisi wenye makusanyo ya Kiswahili. Nyimbo zetu nyingi zimetoka kwenye kaseti zilizoingizwa kwenye kompyuta na mtu fulani, kwenye CD za kuchoma, kwenye flashi ya binamu, kwenye vibanda vya kujaziwa nyimbo. Majina yaliyoandikwa ndani ya faili ni vurugu. iPod haisomi jina la faili wala la folda. Inasoma taarifa zilizoandikwa ndani ya faili, yaani msanii, albamu, jina la wimbo. Faili moja imeandikwa “Mlimani Park”, ya pili “DDC Mlimani Park”, ya tatu “Mlimani Park Orchestra”. Kwa iPod hizo ni bendi tatu tofauti, na nyimbo zako zimetawanyika sehemu tatu. Nyingine sehemu ya msanii imejazwa anwani ya tovuti. Zilizobaki hazina kitu, na zote zinaangukia kapu moja la wasiojulikana, “Track 01” juu ya “Track 01”.

Dawa zipo mbili. Moja ni kukaa chini na kurekebisha taarifa za faili zako kwa programu ya kompyuta kama Mp3tag. Ni kazi ya jioni nyingi, na ninaipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu mkusanyo ukishapangwa utafaa kwenye kifaa chochote cha baadaye. Ya pili ni kuweka Rockbox kwenye iPod. Hiyo ni programu endeshi ya bure, iliyoanzishwa 2001 na watu wa kujitolea, inayochukua nafasi ya ile ya Apple. Ukishaiweka, iPod inakuwa kama flashi: unaburuta folda, unaingia folda kwa folda, unapiga. Inacheza pia faili za muziki za aina ya FLAC, Ogg na Opus, ambazo iPod ya kawaida haizijui. Inafanya kazi kwenye iPod video, kwenye Classic na kwenye Sansa Clip+. Sura yake si nzuri kama ya Apple na menyu zake ni msitu, lakini kwa mwenye faili za kaseti, ndiyo inayoifanya iPod ya zamani istahili kununuliwa.

Vifaa vipya vimeshinda hapa bila ubishi. Sony, FiiO na hata vya shatini vinatumia memori kadi. Unaichomoa, unaichomeka kwenye kompyuta au kwenye simu, unanakili, basi. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Kenya, inakuruhusu kupakua MP3 yenyewe, na faili hiyo itaingia kwenye kifaa chochote kati ya hivi. Kumbuka tu kwamba nyimbo unazohifadhi ndani ya programu za kulipia kwa mwezi si faili za kuhamisha. Zinafunguka ndani ya programu ileile tu, na Echo Mini au Clip+ haiwezi kuzigusa.

Vya shatini vina kasoro moja inayowakera wengi bila wao kujua sababu. Vingi havipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba. Vinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Ukinakili juzuu thelathini za Qur'ani kwa mkupuo mmoja, kompyuta inaweza kuziandika vyovyote, na kifaa kitakusomea ya saba baada ya ya ishirini na mbili. Kabla hujakitupa, fomati kadi upya, kisha nakili faili moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka, au tumia FATSorter, programu ndogo ya kompyuta inayopanga upya orodha iliyo kwenye kadi. Vingi vya hivi pia vinakataa kadi inayozidi GB 32, kwa sababu kadi kubwa zaidi ya hapo huja na mfumo wa exFAT na kifaa kinajua FAT32 tu. Sansa Clip+ yenye Rockbox inasoma kadi kubwa, ili mradi umeifomati kwa FAT32.

Wanaosikiliza mawaidha, mahubiri au vitabu vya sauti wana swali lao: kifaa kinakumbuka nilipoishia? iPod inakumbuka kwa faili zilizowekwa kama vitabu vya sauti, na unaweza kumwambia iTunes ikumbuke mahali hata kwa faili ya kawaida. Rockbox inaweka alama mahali ulipoishia. Kwenye Sony na JM21 unaweka programu ya Android inayofanya hivyo. Kwa vya shatini, jaribu dukani: cheza faili ndefu, peleka katikati, zima, washa. Vingine vinaanza upya kabisa, na kwa mtu anayesikiliza darsa la saa moja na nusu kwa vipande, hiyo ni sababu tosha ya kukiacha.

Betri na diski

Weka iPod video karibu na sikio, bila hedifoni. Ukibonyeza wimbo utasikia mvumo mwembamba wa diski ikianza kuzunguka, tiki ndogo, halafu kimya. Imeshavuta nyimbo kadhaa kwenye kumbukumbu ya ndani, na diski imelala ili betri isiishe. Ni ufundi mzuri sana kwa wakati wake. Lakini ni diski yenye sahani inayozunguka na kichwa kinachopita juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho. Ikianguka wakati inazunguka, imekwisha. Na diski hizi zimezeeka zote; hakuna kiwanda kinachotengeneza mpya za aina hiyo kwa ajili ya iPod.

Habari njema ni kwamba iPod ya zamani inafufuka kuliko kifaa chochote kipya. Kuna vibao vidogo vinavyouzwa mtandaoni, vya iFlash vikijulikana zaidi, vinavyokaa mahali pa diski na kubeba memori kadi. Kwa kuwa kibao ni chembamba kuliko diski, nafasi inayobaki inaingia betri kubwa zaidi. iPod ya GB 30 iliyotoka kiwandani ikiahidi saa 14 za muziki inaweza kutoka kwa fundi na GB 256 na chaji ya siku nyingi. Haitasikika tena ule mvumo, wala haitaogopa kuanguka kama zamani.

Kabla hujampa fundi, jua unampa ipi. iPod video inafunguka kwa kijiti cha plastiki kinachopitishwa kwenye maungio yake, taratibu, upande kwa upande. Ikiachia usivute. Mgongo wa chuma umeungwa na sehemu ya mbele kwa nyaya mbili za utepe, moja ya betri na nyingine ya tundu la hedifoni, na mwenye pupa huzikata zote mbili kwa mkono mmoja. Fundi simu makini ataiweza, maana ni kazi nyepesi kuliko kubadili kioo cha simu. Classic ni kisa kingine: mbele chuma, nyuma chuma, vimeshikana kwa vishikizo vigumu, na mgongo mara nyingi unatoka umepinda. Kama lengo ni kukarabati, nunua video.

Kuhusu video yenyewe, zile za GB 60 na GB 80 zina kumbukumbu ya ndani ya MB 64; ya GB 30 ina MB 32. Mwenye makumi elfu ya nyimbo atafute zile kubwa, kwa sababu orodha nzima ya nyimbo inakaa kwenye kumbukumbu hiyo, na ndogo huanza kukwama au kujiwasha upya. Mwenye nyimbo elfu tano hana haja ya kulipa zaidi.

Sasa tugeukie vipya. Sony inasema NW-A306 inakwenda hadi saa 36 kwa faili za FLAC za ubora wa CD zilizomo ndani. Ukisikiliza kwa Wi-Fi muda unapungua. Apple ilisema saa 36 hizohizo kwa Classic ya 2009, bila Android, bila kioo cha kugusa, bila Wi-Fi. Kwa hiyo msemaji akikuambia vipya vina betri bora, muulize bora kwa kazi gani. Vikiwa vipya vyote viwili vingetoshana. Tofauti ni kwamba ya Sony imetoka kwenye boksi leo, na ya 2009 imekaa miaka kwenye droo ya mtu. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika. iPod yenye betri yake ya kwanza itakupa saa chache, au itakuwa imevimba na kuanza kusukuma kioo. Bei ya betri mpya iweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Lakini geuza hesabu miaka minane mbele. Betri ya iPod video inauzwa na watu wengi duniani kwa sababu iPod ziliuzwa kwa mamilioni, na kuibadilisha kunajulikana hatua kwa hatua. Betri ya kifaa cha Kichina cha dola 60 kilichotoka kwa msimu mmoja utaipata wapi? Sansa Clip+ tayari inatuonyesha jibu: betri yake imelehemiwa kwenye kibao, na nyingi zilizobaki zinatupwa kwa sababu hiyo tu, ingawa kila kitu kingine kinafanya kazi. Naumia kuona kifaa kizuri vile kinaishia jalalani kwa ajili ya betri ya ukubwa wa kucha.

Mkononi

Simama ndani ya daladala iliyojaa, mkono mmoja juu kwenye bomba, kifaa mfukoni. Kwa iPod unaingiza mkono, kidole kinapata gurudumu chenyewe, unabonyeza kulia wimbo unaruka, unazungusha sauti inapungua. Macho hayakuhusika. Hakuna kifaa chochote cha kioo cha kugusa kinachofikia hapo, ingawa Sony na FiiO wanajua tatizo hili na wameweka vitufe halisi ubavuni vya kusimamisha, kuruka na kuongeza sauti. Vinasaidia sana. Echo Mini haina kioo cha kugusa kabisa. Ni vitufe tu, na katika hilo iko karibu na iPod kuliko ndugu zake wa Android.

Gurudumu linashinda zaidi ukiwa na orodha ndefu. Linaongeza kasi kadiri unavyozungusha, herufi kubwa inatokea katikati ya kioo, na kutoka A mpaka W ni sekunde chache. Kushuka orodha ya nyimbo elfu nane kwa vitufe vya Echo Mini ni adhabu. Panga folda zako vizuri kama unaitaka hiyo.

Uzito haupishani vya kukutisha: iPod video ya GB 30 ina gramu 136, NW-A306 gramu 113.

Sauti

Nitakuwa mfupi. Watu hutaja chipu za sauti za Wolfson za iPod video kama dhahabu, na watengenezaji wa sasa hutaja chipu za Cirrus Logic kwa majina yake kamili. Zote ni nzuri. Ukiwa na hedifoni za kawaida, utakuwa unabishania tofauti ambayo kelele za barabarani zinaifunika. Badilisha hedifoni kwanza. Hapo ndipo fedha inasikika.

Ukiwa na hedifoni kubwa zinazohitaji nguvu, vipya vinashinda: Echo Mini na JM21 zina tundu la pili la milimita 4.4 linalosukuma zaidi. Na usilipe ziada kwa ajili ya faili za ubora wa juu ikiwa muziki wako ni wa kaseti zilizoingizwa kwa kilobiti 128. Kilichopotea siku ile hakirudishwi na kifaa chochote, cha dola 60 wala cha dola 2,000.

Kuhusu hedifoni zisizo na waya, iPod video na Classic hazina Bluetooth. Unaweza kuchomeka kirusha mawimbi kwenye tundu la hedifoni, lakini ni kifaa cha pili cha kuchaji na kupoteza. Asiyetaka waya kabisa aende kwenye vipya, au atafute iPod nano ya 2012, ambayo ina Bluetooth na redio ya FM, kwa sharti aridhike na GB 16 zisizoongezeka.

Kusikiliza mtandaoni

Sony NW-A306 na JM21 ni za Android. Unaweka programu ya muziki unayoilipia na unasikiliza kwa Wi-Fi. Hazina laini ya simu, kwa hiyo ukiwa njiani unategemea ulichokihifadhi au intaneti ya kurushiwa na simu. Ni nzuri, na kwa anayeishi mahali penye Wi-Fi kila kona inaweza kuwa sababu kuu ya kununua.

Ila Android ina tarehe ya mwisho. NW-A306 ilitoka na Android 12, JM21 na Android 13, na vifaa vya namna hii havipandishwi toleo kama simu. Programu za muziki zinaendelea kudai matoleo mapya, na siku itafika zitagoma. Mfano hai ni iPod touch ya mwisho, ya 2019, ambayo Apple iliacha kuiuza Mei 2022. Imebaki kwenye iOS 15, na kila mwaka programu zinazoikubali zinapungua. Wakati huohuo iPod video ya 2006, ambayo haikuwahi kujua intaneti ni nini, inacheza MP3 ileile iliyocheza siku ilipotoka. Kifaa cha Android kikifika mwisho wake hakifi. Kinabaki kucheza faili za kwenye kadi. Basi ukikinunua, pima kama ungekubali bei yake hata bila intaneti.

Nani achukue kipi

Mzazi au bibi anayetaka Qur'ani, kwaya au taarab, bila kompyuta nyumbani: kifaa kipya cha memori kadi chenye vitufe vikubwa, na wewe umpangie kadi. Usimpe iPod. Siku akitaka kuongeza kitu kimoja atakutegemea wewe na iTunes yako, na kitakaa kabatini. Kwa wengi wao, redio ndogo ya mezani ya kuchomeka flashi ni bora kuliko vyote tulivyotaja.

Mwanafunzi mwenye hela kidogo aangalie Echo Mini kabla ya iPod. Bei ya iPod iliyotumika ukijumlisha betri, kibao, kadi na fundi inazidi dola 60 haraka sana. Echo Mini inachajiwa kwa Type-C, waya uleule wa simu, wakati iPod inataka waya wa pini 30 ambao Apple iliuacha ilipohamia Lightning mwaka 2012. Waya hizo bado zinapatikana, ila si kwa jirani.

Mwenye mkusanyo mkubwa wa faili zake mwenyewe, anayependa kupanga, anayetaka kifaa atakachokitengeneza mwenyewe kwa miaka: iPod video yenye kibao, betri mpya na Rockbox. Hii ndiyo ninayoichagua mimi, na sijaona kipya cha kuniondoa hapo.

Anayelipia huduma ya muziki kila mwezi na hana faili hata moja achukue JM21. Sony ni nyepesi na imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kwa karibu mara mbili ya bei sioni kinachomrudishia tofauti hiyo, isipokuwa muda wa betri.

Kabla hujatoa hela

Kwa kifaa kipya, cha kuhofia ni memori kadi kuliko kifaa chenyewe. Kadi za uongo zimejaa: imeandikwa GB 512, kompyuta nayo inasema GB 512, kumbe ndani kuna 16. Unajaza, inapokea bila kulalamika huku ikifuta ulichoweka mwanzo. Ijaze yote siku ya kwanza kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Itaandika kadi nzima na kuisoma tena, kisha itakuambia ukweli. Bei ya kutupwa kwa kadi kubwa ni dalili tosha.

Kwa iPod video, nenda na hedifoni zako. Cheza wimbo, chezesha plagi kidogo, sikiliza masikio yote mawili. Sikio moja likikata, kinachohitajika ni kile kipande cha tundu kilichoungana na swichi ya kufunga vitufe. Kinauzwa, si cha kukukimbiza, lakini kipunguze bei. Zungusha gurudumu polepole mzunguko mzima uone kama linaruka. Tazama kioo kwa ubavu: kikiwa kimeinuka, betri imevimba, usiichaji hapo dukani.

Halafu ikague diski. Shikilia kitufe cha kati pamoja na Menu mpaka ijizime na kuwaka upya. Nembo ya tufaha ikitokea, hamia kwenye kitufe cha kati pamoja na cha kurudisha nyuma, ushikilie mpaka menyu ya ukaguzi ifunguke. Ingia IO, kisha HardDrive, kisha HDSMARTData. Angalia mistari ya Reallocs na Pending Sectors, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Zote zikiwa sifuri, diski bado ina maisha na unaweza kuitumia ilivyo kwa sasa. Mojawapo ikiwa na namba kubwa, mwonyeshe muuzaji palepale kwenye kioo na mlipe bei ya iPod isiyo na diski.